Mchana anacheka, usiku analia: mtoto aliyepanda "treni ya giza"

*Daktari, habari za kazi. Tunaishi Arusha, Njiro. Likizo ya Juni tulikwenda kumtembelea kaka yangu anayefanya kazi Dubai, akatupeleka kwenye jumba kubwa la michezo, yale ya ndani yenye kiyoyozi. Kuna mchezo mnapanda kigari, mnaingia gizani, mnapitishwa kwenye nyumba yenye mifupa, majeneza na mizimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na nusu. Aliuliza kama unatisha, mjomba wake akamwambia ni treni tu ya kuangalia vikaragosi. Alipimwa urefu kwenye ile fimbo ya mlangoni, akapita. Katikati ya safari kigari kikasimama, kama dakika 3 au 4, giza totoro, sauti inatangaza Kiingereza na Kiarabu, mifupa inaendelea kucheka. Mtoto alilia mpaka akapaliwa.*

*Hii ni wiki ya 7 halali peke yake. Mwanzoni aliamka kila usiku, siku hizi ni kama mara 2 kwa wiki. Umeme ukikatika hakanyagi koridoni hata awe amebanwa na mkojo. Kinachonishangaza, mchana anausimulia mchezo uleule kwa wenzake huku anacheka, na ukimuuliza Dubai alipenda nini anasema "treni ya giza". Baba yake anasema anadeka, azoeshwe giza kwa nguvu. Bibi yake wa Marangu anasema kuna kitu kimemwingia, aombewe. Dada yake wa miaka 11 anataka kurudi Desemba, na kaka yangu ameshaahidi tiketi. Je, moyo wake uliathirika? Nimrudishe kwenye mchezo ule azoee, au nisimrudishe kabisa?*

Pole sana dada yangu. Wiki 7 za kulala na mguu wa mtoto ubavuni si mchezo.

Nianze na moyo, maana naona ndio unaokukosesha wewe usingizi. Moyo wa mtoto mwenye afya hauharibiki kwa kushtuka. Siku ile mwili wake ulimwaga adrenalini: moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa, pumzi zikawa fupi. Kemikali hiyo haikai. Mlipotoka nje mkamnunulia maji, ilikuwa imeshaanza kuisha. Ingekuwa amezaliwa na tatizo la moyo ningekuambia mengine, lakini hujalitaja, na aliyebaki na kazi hapa ni kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka 6 bado ni udongo mbichi.

Sasa hilo la kupenda na kuogopa kitu kimoja. Hakudanganyi.

Nilikulia Kibosho. Jioni tulikuwa tunatumwa kupeleka maziwa kwa bibi mdogo, na njia inakatiza kihambani, migomba huku, mibuni huku. Binamu zetu wakubwa walikuwa wanatangulia, wanajibanza nyuma ya mgomba. Unasikia majani makavu yanachakarika, unajua kabisa ni wao, na bado mtu akikurukia unapiga yowe. Maziwa yalimwagika mara nyingi kuliko nilivyowahi kukiri nyumbani. Na kesho yake sisi wenyewe ndio tuliowauliza, leo mtajificha wapi? Lakini kuna jioni moja alitokea mlevi tusiyemjua, akasimama katikati ya njia, hasemi, hasogei. Huyo hakuna aliyetamani arudi. Giza lilikuwa lilelile, migomba ileile, na moyo ulidunda vilevile. Binamu tulijua ni binamu, na tulijua mchezo unaishia kwenye mlango wa bibi. Mlevi hatukujua anaishia wapi.

Mwili hauna hofu ya aina mbili. Moyo unaokwenda mbio kwenye fainali ya mpira na unaokwenda mbio ukimwona nyoka ni uleule, na akili ndiyo inayoubandika jina. Ukijua umesalimika, ule mshtuko uliobaki mwilini unageuka kicheko, ndiyo maana watu hutoka kwenye nyumba hizo wanacheka kama waliolewa. Mwanao alipata vyote viwili ndani ya safari moja. Nusu ya kwanza ilikuwa binamu. Kigari kiliposimama, akatokea mlevi. Mchana anasimulia ile nusu ya kwanza, na usiku nusu ya pili inajileta yenyewe.

Usidhani basi kwamba ni mwoga kuliko wenzake. Mchezo ule umetengenezwa na watu wanaojua kazi yao, na ni kazi ya zamani. Mwaka 1901, kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo kule Marekani, watu walilipa kuingia ndani ya jengo na "kusafirishwa" hadi mwezini. Mwaka 1928 kampuni moja ya New Jersey iliyoitwa Pretzel ikaanza kuuza vigari vinavyokwenda kwenye reli moja yenye kona nyingi gizani. Jina ni la mkate fulani uliosokotwa. Kona ndizo ufundi wenyewe, kwa sababu ukikata kona huoni mbele, na mtu asiyeona mbele masikio yake yanafunguka. Kigari kikikaribia mlango kinausukuma chenyewe, unadhani unagonga ukuta. Kikipita mahali fulani kinabonyeza kitu relini na sanamu inakurupuka pembeni. Na kimojawapo cha vilivyowatoa watu wazima roho kilikuwa nyuzi za kawaida za kushonea, zimening'inizwa darini ziguse uso. Uzi, dada yangu!

Mshtuko wenyewe hauna habari na ushujaa. Kelele ya ghafla ikipigwa, shina la ubongo linafumba kope na kukunja shingo kabla sehemu inayofikiri haijajua imesikia nini. Gizani mshtuko huo huwa mkali zaidi, kwa wakubwa na wadogo. Binadamu ni kiumbe wa mchana. Mtu mzima akishashtuka, akili inafika na kumwambia "ni plastiki". Kwa mtoto wa miaka 6 akili hiyo ipo, ila inachelewa kufika. Saa 4 asubuhi anajua mifupa ni plastiki. Saa 8 usiku hajui. Hofu za usiku ni za kawaida sana kwa umri huu hata kwa mtoto ambaye hajawahi kutoka nje ya Njiro.

Kuhusu ile fimbo ya kupimia, wazazi wengi wanaipa kazi isiyo yake. Inapima kama mwili utakaa sawasawa kwenye kiti na kile chuma cha kuzuia. Haipimi kama mtoto yuko tayari kutishwa. Aliyepita kwenye fimbo amepita kwa miguu yake tu.

Na kusimama je? Kwa kawaida vigari hivyo havisimami kwa sababu kuna hatari. Mara nyingi ni kinyume chake. Njia imegawanywa vipande, na kigari cha mbele kisipotoka kwenye kipande chake kwa wakati, mitambo inavizuia vya nyuma visikigonge. Mingine imeunganishwa kama mnyororo, kwa hiyo mzee mmoja akichelewa kupanda kule mlangoni, wote waliomo ndani wanasimama. Kwenye Haunted Mansion, jumba la mizimu la Disneyland, ile bustani ya michezo ya California, lililofunguliwa tarehe 9 Agosti 1969, waliamua kuifanya hali hiyo sehemu ya hadithi, kwamba safari ikisimama sauti inawatangazia abiria kuwa ni mizimu watundu wamefanya hivyo. Kwa mtu mzima ni utani mzuri. Mweke hapo mtoto asiyejua lugha inayotangaza. Anachoelewa yeye ni kwamba treni imekamatwa.

Sasa nije kwa mjomba, na hapa sitazunguka. Mifupa ni ya pili. Jeraha la kwanza ni kwamba mtoto aliuliza swali la maana, "inatisha?", akajibiwa uongo na mtu anayempenda. Akaingia bila ngao. Hata wenye michezo walijifunza hili kwa gharama. Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955 ilikuwa na safari ya gizani ya Snow White, yule binti wa hadithi za watoto, ambamo abiria ndiye alikuwa Snow White mwenyewe, anawindwa na mchawi. Watu walitoka wanauliza Snow White yuko wapi, na watoto walitoka wanalia. Mwaka 1983 wakaijenga upya, wakamweka msichana aonekane, na kwenye jina wakaongeza neno linaloonya kuwa inatisha. Mwaka 2021 wakaigeuza tena, ikaelekea zaidi kwenye mwisho mwema. Kama wao walikubali kuweka onyo mlangoni, mjomba naye anaweza kurekodi sauti ya WhatsApp, maneno machache: "Mjomba nilikosea. Uliniuliza nikakudanganya. Ilikuwa inatisha kweli, na si kosa lako kulia." Mwambie aitume wiki hii. Asicheke ndani yake.

Baba yake ana nusu ya ukweli, na ningependa umwambie hivyo ili asikie hiyo nusu nyingine. Ni kweli kwamba hofu inayokimbiwa inanenepa. Kila mara unapombeba kuvuka koridoni, unamthibitishia kuwa koridoni kuna kitu. Lakini kumsukuma gizani na kufunga mlango ni kumrudishia yule mlevi wangu wa kihambani: giza, hajui linaisha lini, na waliomzunguka hawamsikii. Kuzoea kunafanya kazi pale mtoto anaposhika usukani, na dozi ikiwa ndogo.

Bibi aachwe aombe. Maombi hayana madhara, na mtoto kujua kuwa bibi yake wa Marangu anamtaja kila usiku kunatuliza. Tatizo ni lile neno "kimemwingia" kusemwa mbele yake, kwa sababu mtoto anayejaribu kuamini kuwa mizimu ni plastiki anaambiwa na mtu mzima kuliko wote kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mwombeni kwa heshima aombe ulinzi, asiombe kumtoa mtu kitu. Chale na dawa za kunywa, hapana. Kama ni mkweo, mtume mumeo akaseme yeye. Itasikika vizuri zaidi.

Nyumbani fanyeni hivi. Saa 12 na nusu jioni, giza linapoanza kuingia, simama naye kwenye dirisha la sebule taa ikiwa inawaka. Fungua pazia. Atajiona amesimama nje uani, hewani, na majani ya mgomba au maua yenu yanaonekana kupitia tumboni kwake. Mwache ashangae. Halafu mpeleke kwenye swichi, azime mwenyewe. Mzimu umekwenda. Awashe. Umerudi. Afanye mara 20 akitaka. Ndipo umweleze kuwa kioo kinapitisha mwanga mwingi na kurudisha kidogo, na nje kukiwa giza kile kidogo ndicho kinachoonekana. Ujanja huu ulianza kuvuma London mwaka 1862 kwa jina la profesa Pepper, na ndio unaochezesha mizimu dansi kwenye ule ukumbi wa Haunted Mansion. Sanamu zenyewe zimefichwa juu na chini ya njia ya vigari, zinamulikwa, na abiria wanaona taswira ya sanamu hizo kwenye kioo kikubwa mno. Kama madirisha yenu yana nyavu kwa ndani, kioo cha kabati la vyombo kinafaa. Asishike swichi mtu mwingine, awe yeye.

Baada ya siku chache za mizimu ya dirishani, jengeni treni ya giza. Kazi hii mpe baba. Maboksi matatu au manne kutoka dukani, yakatwe milango, yaunganishwe kwa gundi ya karatasi, kitenge juu kuziba mwanga. Mtoto achore mifupa yake mwenyewe aibandike ndani. Nyuzi zining'inie. Gari lake la kuchezea lifungwe kamba livutwe kutoka upande wa pili, na mdoli ndiye abiria. Wiki ya kwanza yeye ni mwenye mtambo, ninyi ndio mnaolala chini kuchungulia na kushtuka, na mshtuke kwelikweli. Kisha ingizeni kile kilichomuumiza: treni inasimama. Muulize mwenye mtambo, abiria wafanye nini? Atatunga sheria zake. Mtoto mmoja niliyewahi kumsaidia aliamua abiria waimbe wimbo wa shule mpaka taa ziwake. Mwingine aliweka fundi wa plastisini kwenye boksi la tatu. Sheria yoyote ni nzuri mradi ina mwisho, kwa sababu ndio mwisho ambao hakuupata siku ile. Taa zikawaka, treni ikatoka, mdoli akanunuliwa juisi.

Angalia anavyocheza. Mchezo ukibadilika siku hadi siku, leo mzimu anaugua jino, kesho treni inakwenda Moshi, mambo yanakwenda vizuri. Akirudia tukio lilelile bila kubadilisha kitu, uso umekaza, hacheki, niandikie tena au nenda kwa mtaalamu.

Koridoni tumia tochi. Iwe yake, ikae chini ya mto wake, isiazimwe kwa simu wala kwa jirani. Umeme ukikatika, yeye ndiye anayewasha kwanza na kuwaongoza wengine. Siku za mwanzo mnakwenda naye hadi chooni, baadaye unabaki katikati ya koridoni unapiga naye stori, baadaye unabaki mlangoni. Rudi nyuma hatua moja akikwama, usirudi zote. Jioni za Jumamosi waache wacheze kombolela na watoto wa jirani giza likianza kuingia. Giza la kombolela lina watu ndani yake na lina kicheko.

Kuhusu kulala, msimhamishe ghafla. Godoro lake chini kando ya kitanda chenu, halafu mlangoni, halafu chumbani kwake na mlango wazi. Akiamka usiku maneno yawe machache: "Uko nyumbani, mama yupo, tochi yako hii." Msianze kukagua chini ya kitanda. Mkikagua mara moja, mtakagua kila siku.

Desemba sasa. Nendeni Dubai, kwa sababu mjomba ni mjomba. Mchezo ule usiwe ahadi wala adhabu. Faida ya kuurudia ni kwamba akiumaliza kwa hiari yake, kumbukumbu inapata ukurasa mpya. Hasara yake ni kwamba ndani ya kigari hakuna kubadili mawazo, na kikisimama tena mtakuwa mmejenga ukuta juu ya ukuta. Mimi nisingemrudisha kwa ajili ya tiba, kwa kuwa tiba mtaifanya kwa maboksi. Akiomba mwenyewe, tafuteni kwanza video ya mchezo wa aina hiyo uliopigwa taa zikiwa zimewashwa. Zipo nyingi, na zinachekesha, unaona nyaya, ngazi na rangi nyeusi iliyobabuka. Michezo mingi pia ina mlango wa kutokea kabla tu ya kupanda, kwa wanaoghairi. Mwonyeshe mlango huo mkiwa kwenye foleni, umwambie ukweli wote: inatisha, ina kelele, inaweza kusimama, na inaisha. Akisema hapana mlangoni, ni hapana, bila aiskrimu ya kumshawishi. Akipanda akae katikati yako na baba yake, na ajue kuwa kuziba masikio kunasaidia kuliko kufumba macho, maana kinachorusha mtu kwenye kiti mara nyingi ni sauti.

Kutoka kila usiku hadi mara 2 kwa wiki ni mwendo mzuri. Jaribuni haya kwa wiki 4. Ikiwa baada ya hapo bado anaamka vilevile, au hofu imehamia mchana, anakataa shule, ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, hali chakula vizuri, au anazungumzia kufa, usisubiri hadi Desemba. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, uombe kuelekezwa kwa wahudumu wa afya ya akili wanaoona watoto, au mje hospitali ya KCMC hapa Moshi. Jambo moja ni la kwenda hospitali mara moja: kama siku ile ndani ya mchezo au usiku wowote alikakamaa, alitingishika mikono na miguu, au alipoteza fahamu. Michezo hiyo ina taa za kumetameta, na kuna watoto wachache ambao taa za namna hiyo huwaamshia kifafa. Na akipiga kelele saa za mwanzo za usingizi, macho wazi, hakutambui, asubuhi hakumbuki chochote, hiyo si ndoto mbaya ya kawaida. Usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijigonge, umweleze daktari.

Dada yake apande treni ya giza hata mara kumi, amesubiri na ni haki yake. Ila asilitumie neno "mwoga" mezani. Mpe kazi kwenye yale maboksi, ana miaka 11 na mkasi anaujua. Nadhani atatengeneza mifupa mizuri kuliko baba.